Kamba ya Kivuli

Umewahi kumsemesha mtu aliyekupa mgongo, ukangoja akujibu, akanyamaza, nawe ukaondoka na jibu ulilojitungia mwenyewe? Basi hayo ndiyo yaliyompata mama mmoja ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Lori. Mama huyo hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kuamka mapema, wa kukunja kanga yake vizuri kiunoni, wa kujua kila gunia limeshonwa na nani na kila mzigo umefungwa na nani.

Lori lenyewe lilikuwa moja tu. Kichwa chake cha buluu kilikuwa kimepauka kikawa rangi ya jivu, na bodi lake la mbao lilikuwa na viraka vya bati kila upande. Lilikuwa linalala pale pale uani, kati ya jiko na stoo, hata nguo zilizoanikwa kwenye kamba zilikauka zikinuka dizeli. Liliteremsha mahindi ya wakulima mpaka mjini na kurudi na saruji na mabati. Mume wa Mama Lori ndiye aliyekuwa dereva. Watu walikuwa wakitania kwamba mzee anaendesha lori, na mama anamwendesha mzee.

Lakini asubuhi ile ninayotaka kukusimulia, mama hakuwa anamwendesha mtu. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, wapakizi wanapandisha magunia, na mumewe ameinama karibu na tairi la mbele, analipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe.

"Baba! Ukifika kwa mwenye ghala mwambie magunia ya juu yamelowa kidogo, ayapokee kwanza yaanikwe. Umesikia?"

Mzee hakugeuka.

"Baba! Nasema na wewe!"

"Amesikia, Mama," sauti ikatoka juu ya lori. "Magunia ya juu yapokelewe kwanza."

Aliyejibu alikuwa utingo, yule mtu wa kusafiri nyuma na mzigo, wa kumwelekeza dereva anaporudi kinyumenyume. Walimwita Kivuli kwa sababu palipokuwa na mzee hakukosekana. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Nilikuuliza wewe?" Mama Lori akamuuliza.

"Hapana, Mama."

"Basi funga mdomo wako uone kama utaoza."

Wapakizi wakacheka. Mkubwa wao, waliyemwita Nyapara, bonge la mtu mwenye taulo shingoni, akasema, "Mzee leo amefunga duka, Mama. Kanunue kwa Kivuli."

Wakacheka tena. Mama Lori akarudi jikoni akajifanya anakoroga, na chungu kilikuwa hakijabandikwa. Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakimla. Kuitwa bosi na watu wote, halafu mume wako mwenyewe asikuitikie mbele yao, na jibu lako uletewe na mtu unayemlipa! Hakujua yalianza lini. Zamani mzee alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa akirudi safari anamsimulia hadi habari za mbwa aliyemkuta njiani. Siku hizi alirudi, akala, akageukia ukutani. Mama Lori alikuwa amekwisha kujipa sababu zote: kwanza akadhani ni mwanamke, kisha akadhani ni uchovu, mwisho akaona ni dharau tu. Mtu akizeeka na gari lake, mke anakuwa kama kipuri.

Na huyo Kivuli! Wenzake wakivunjika migongo na magunia, yeye alikuwa amejibanza nyuma ya kabini, hapo hapo kila safari, mkono umeng'ang'ania sijui nini, habebi hata debe. Kwa Mama Lori sheria ilikuwa moja: anayekula kwa lori hili, analibebea lori hili.

*

Jioni mzee alikuwa ananawa uani, ameinamia beseni. Mama Lori akasimama nyuma yake na taulo.

"Nataka kumwondoa Kivuli."

Maji yakachuruzika.

"Habebi, hashushi, na mdomo wake umezidi. Mimi nikisema na mume wangu, yeye anaitikia. Au ndiye mkeo siku hizi, niambie nihame chumba?"

Mzee akasugua shingo, akasugua nyuma ya masikio, taratibu, kama mtu asiye na deni na mtu.

"Nakuuliza, Baba. Kuna kitu nimekukosea?"

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ndogo. Hata mimi ninayekusimulia naona lilikuwa limemkwama kooni muda mrefu. Mzee akachota maji, akasukutua, akatema. Mama Lori akamzunguka, akamtupia taulo begani kwa hasira, akasema mbele ya uso wake, "Basi kesho namwondoa Kivuli."

Hapo mzee akashtuka. "Unamwondoa nani?"

"Kivuli. Kwani nazungumza Kichina?"

"Kivuli ni mtu mzuri."

"Mzuri kwa lipi? Nitajie kazi moja."

Mzee akamwangalia mdomoni, akaangalia lori, akafuta mikono kidole kimoja kimoja. Kuna neno lilifika mpaka kwenye meno yake. Mama Lori aliliona likija. Kisha likarudi.

"Kama umeamua," akasema, "umeamua."

Sasa nikwambie asilolijua Mama Lori. Mzee alikuwa hasikii. Miaka ya kukaa juu ya injini ile ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, kwanza la upande wa dirisha, kisha la pili. Ukikaa mbele yake ukasema, alikusoma midomo akakujibu vizuri, hata ukadhani ni mtu wa kufikiri tu kabla ya kunena. Ukikaa nyuma yake, ulikuwa unasema na mti. Kivuli ndiye aliyegundua, siku alipogonga bodi mara moja kumwambia asimame, na gari likaendelea kurudi mpaka likavunja uzio wa watu. Hakumtangaza. Alitafuta kamba, akaipitisha kwenye kidirisha kidogo nyuma ya kabini, ncha moja akamfunga mzee mkononi, nyingine akaishika mwenyewe. Kuvuta mara moja, simama. Mara mbili, nenda. Mzee akamwapisha asimwambie mtu, zaidi ya wote mama. Wapakizi waliiona kamba kila siku, wakaelewa wenyewe, wakaizoea kama walivyozoea viraka vya bati.

*

Kivuli aliachishwa kazi mlangoni mwa stoo, wapakizi wakisikia.

"Mama, nitabeba," alisema, kofia mkononi. "Nitapakia na nitashusha. Ila gari likiwa linatembea, niache pale pale nyuma."

"Kwani pale nyuma umezika nini?"

Mtu mmoja akacheka, kisha akanyamaza mwenyewe. Kivuli akatazama upande wa kabini. Mzee alikuwa amekaa ndani, ameshika usukani, gari limezimwa, anatazama mbele kama yuko barabarani.

"Muulize mzee, Mama."

"Namuuliza kila siku, hanijibu. Labda wewe unijibie, umezoea."

Kivuli akavaa kofia, akaivua tena. "Sawa. Mimi ni mtu wa kuambiwa nenda, nikaenda. Lakini nakuomba kitu kimoja. Kabla hujamweka mwingine, kaa na mzee, zungumza naye uso kwa uso."

Mama Lori alihisi damu ikimpanda. Utingo amfundishe yeye namna ya kukaa na mumewe, tena mbele ya watu! Akamlipa haki yake yote mpaka shilingi ya mwisho, maana dhuluma hakuwa nayo, akamwonyesha njia. Kivuli alipita karibu na kabini, akagusa mlango kwa kiganja, akaenda zake. Mzee hakugeuza shingo. Lakini Nyapara, aliyekuwa karibu, aliona machozi yakimteremka mpaka kwenye ndevu. Hakusema. Alidhani hayo ni ya ndani ya nyumba, na ya ndani ya nyumba ya bosi hayamhusu mpakizi.

Mama Lori alipopandwa na hasira alikuwa anafanya usafi. Akapanda ndani ya kabini na ndoo na matambara. Akafuta dashibodi, akakung'uta vumbi la viti, akatoa maganda na misumari. Nyuma ya kiti cha dereva akakuta kipande cha kamba chenye grisi, kimepita kwenye kidirisha kilichovunjika kioo. "Ndiyo maana mvua inaingia," akajisemea. Akaivuta, akaitupa kwenye moto wa takataka, na lile tundu akaliziba vizuri na tambara, akalikandamiza kwa kidole gumba mpaka likakaza.

Asubuhi mzee alipopanda, mkono wake ulikwenda nyuma wenyewe, ukapapasa, ukakuta tambara.

"Hapa palikuwa na kamba," akamwambia mkewe aliyesimama chini.

"Nimeichoma. Ilikuwa uchafu mtupu."

Mzee akabaki na mkono pale pale kwenye tambara. Mama Lori akangoja shukrani. Haikuja. "Asante hata kwa usafi hakuna," akanung'unika, akaondoka.

*

Utingo mpya walimwita Mgeni, kwa kuwa wapakizi walikuwa bado hawajampa jina la utani. Alikuwa mwanamume mrefu, mcheshi, aliyewahi kufanya kazi kwenye malori mengine. Mke wake alimsindikiza mpaka uani siku ya kwanza.

"Mama, nakukabidhi mtu wangu," mke akasema akicheka. "Anakula sana, lakini anabeba."

"Akibeba ale, mwanangu. Chakula hakijawahi kunishinda kupika."

Kweli Mgeni alibeba. Alibeba gunia akiimba, akimkejeli Nyapara kwamba tumbo lile lingelipiwa nauli. Nyapara akafurahi akasema, "Huyu sasa ni mtu." Kisha Mgeni akaenda dirishani kwa mzee, akasimama mbele yake kwa adabu.

"Mzee shikamoo. Mimi nagonga ile ya kawaida. Moja simama, mbili twende. Au hapa kwenu mna yenu?"

"Marahaba. Hiyo hiyo," mzee akasema, macho kwenye midomo ya yule kijana wa watu. "Hiyo hiyo ya kawaida."

Nyapara alilisikia hilo. Akatazama kabini, akaona kamba haipo, akamtazama Mama Lori aliyesimama hapo kiuno kimefungwa, uso umetulia. Akawaza: mama mwenyewe yupo, ndiye aliyemtoa Kivuli, ndiye aliyesafisha kabini. Lazima wameshapanga lao. Labda mzee amepata dawa. Akapanda juu ya magunia akakaa.

Siku hiyo Mama Lori alikwenda nao mjini, maana alitaka kuonana na mwenye ghala ana kwa ana kuhusu mzigo wa msimu. Alikaa kabini pembeni ya mumewe. Njia nzima alimsemesha. Barabara ilikuwa na makorongo, injini ilinguruma, na mzee macho yalikuwa mbele. Baada ya muda naye akanyamaza, akatazama mashamba yakipita upande wake.

Ghala lilikuwa na mlango mmoja mkubwa na ukuta wa matofali, na malori huingia kinyumenyume. Mama Lori akashuka, akasimama na mwenye ghala karibu na mizani. Mgeni akaruka chini, akaenda nyuma. Akagonga mara mbili, pa! pa! Mzee alikuwa tayari ameweka gia ya kurudi, kwa hiyo gari lilirudi na kila mtu akaona ni kazi nzuri.

Mgeni alikuwa anaelekeza kwa mkono, na hapo kisigino chake kikanasa kwenye mfereji wa maji uliopita mbele ya ukuta. Akaanguka kitako. Akagonga bodi mara moja, kwa kiganja, kwa nguvu. Pa!

Gari likarudi.

Akagonga tena mara moja. "Mzee! Mzee, simama!"

Wapakizi waliokuwa juu wakaanza kupiga paa la kabini na kupiga mayowe. Mama Lori akageuka. Alimwona Mgeni anajivuta na mguu hautoki. Akakimbia upande wa dereva akiita, "Baba! Baba! Simamisha!" Alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Alimwona mumewe kwenye dirisha lililo wazi, ameweka kiwiko nje, midomo imechongoka, anapiga mluzi. Akaupiga mlango kwa ngumi mbili. Mzee akahisi mtikisiko, akageuka, akamwona mkewe, akatabasamu. Alidhani amemletea maji.

Halafu akaona uso wake, na mguu wake ukakanyaga breki. Lakini nyuma huko, kati ya bodi na matofali, mlio ulikuwa umekwisha kusikika na kila mtu isipokuwa yeye.

*

Hospitali walimkata Mgeni mguu chini ya goti. Mama Lori aliruhusiwa kuingia wodini jioni ya siku ya pili. Aliingia na chupa ya uji na shuka jipya, na mke wa Mgeni alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, macho yamevimba.

"Nyapara alipita," mke akasema bila kusalimia. "Amesema mume wangu alisimama vibaya."

Mama Lori akaweka chupa chini. Mgeni akafungua macho, akamwona, akajaribu kujiinua kwa heshima.

"Lala, mwanangu, lala."

"Mama, niambie ukweli." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Niligonga mara moja. Tena niligonga kwa nguvu. Kwani huku kwenu kugonga mara moja ni nini? Ni nenda?"

"Hapana."

"Maana nimelala hapa nawaza, labda nilimkosesha mzee. Labda mlikuwa na yenu, na mimi kwa kujifanya najua sikuuliza vizuri. Niliuliza, lakini labda sikuuliza vizuri."

Mama Lori akatoka nje. Hakuweza kumwangalia. Nyapara alikuwa uani pa hospitali amechuchumaa, taulo lake amelikunja mapajani.

"Mama, usihofu," akamnong'oneza. "Sisi sote tutasema mtu alisimama vibaya. Mzee hatapata tabu. Tumeshakubaliana."

"Mligonga paa?"

"Tuligonga mpaka mikono ikavimba."

"Na mimi niliita. Nilimwita kama namwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikuwa anapiga mluzi." Akamkazia macho. "Kwa nini hakusikia?"

Nyapara akanyanyua uso polepole.

"Mama... kwani wewe hujui?"

"Sijui nini?"

"Mzee hasikii. Toka zamani. Si ndiyo maana Kivuli alikuwa pale nyuma na kamba? Alikuwa anamvuta mkono." Akamwona mama anavyomtazama, akaanza kuhangaika na taulo. "Sisi tulidhani unajua. Mke wa mtu! Ulipomtoa Kivuli tukasema, haya, wenyewe wamepanga nyumbani kwao. Nani angethubutu kukuuliza?"

Mama Lori aliketi chini, pale pale kwenye changarawe, na kanga yake safi.

*

Alipofika nyumbani, mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amempa mlango mgongo, anafungua kamba za viatu. Mama Lori alisimama mlangoni. Alitaka kuamini kwamba Nyapara amekosea. Mke hutafuta pa kushikia hata pasipo na kitu.

"Baba," akaita.

Mzee akaendelea na kiatu.

"Baba, nyumba inaungua."

Kiatu cha kwanza kikatoka.

"Baba, Mgeni amekufa."

Mzee akakiweka kiatu sawasawa chini ya kitanda, akaanza cha pili. Mama Lori akajiziba mdomo kwa kiganja. Alikumbuka yote aliyoyasema kwenye mgongo ule, jioni baada ya jioni, maombi na matusi na vilio, na hakuna hata moja lililofika. Alikuwa amegombana na mtu ambaye hakuwepo.

Akamzunguka, akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti. Mzee akamwangalia usoni, na kabla hajaambiwa neno akajua kwamba limejulikana.

"Nani amekwambia?"

"Nyapara."

"Kivuli aliniapia."

"Kivuli hakusema. Kivuli alinyamaza mpaka nikamfukuza." Akasema polepole ili asomwe. "Kwa nini, Baba?"

Mzee akakiangalia kiatu kilichobaki mguuni. "Dereva asiyesikia anaitwa nani? Anaitwa mzigo. Nilisema nimalize msimu mmoja. Halafu mwingine. Gari hili lisipotembea sisi ni nani? Na wewe kila mtu anakuita Mama Lori."

"Ningekuwa mama wa chochote."

"Hata bila kuambiwa, nilijua siku ile ya tambara nilipaswa kushuka. Mkono wangu ulijua. Nilijiambia nitatumia vioo. Nilijiambia barabara naijua." Sauti yake ikapasuka, sauti ya mtu asiyeisikia mwenyewe, kubwa mno kwa chumba kile. "Nimemkata mtu mguu kwa ajili ya aibu yangu!"

"Na mimi nimemkata," mkewe akasema. "Mimi ndiye niliyeziba tundu."

Mama akamvua kile kiatu cha pili.

"Wapakizi watasema alisimama vibaya," akamwambia. "Wameshakubaliana."

Mzee akatikisa kichwa. "Kesho tutaenda kusema ukweli."

"Wanaweza kukuweka ndani."

"Tutaenda, Mama."

*

Mgeni alikuwa ameegemea mto walipofika. Mzee alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njiani, lakini alipoona shuka lilivyolala tambarare upande mmoja, yote yalimtoka.

"Mwanangu, mimi ni kiziwi," akasema, na wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka kwa ukubwa wa sauti ile. "Uligonga vizuri. Mimi ndiye nisiyesikia. Nilipaswa kukwambia uliponiuliza dirishani, na nikakudanganya."

Mgeni akajiinua kidogo. "Kwa hiyo sikukosea?"

"Hukukosea."

"Moja ni simama?"

"Moja ni simama."

Mgeni akageuza uso ukutani akalia, mabega yakitikisika. Sikwambii alilia kwa sababu ya mguu au kwa kuondolewa lawama, maana hata yeye nadhani hakujua.

Mke wake hakulia. Alisimama mbele ya Mama Lori, wakawa pua kwa pua.

"Ulijua?"

"Sikujua, mwanangu."

"Unalala naye kitanda kimoja, unamfulia, unampikia, hujui kwamba hasikii?"

Mama Lori akafungua mdomo.

"Nilikukabidhi mtu wangu," mwanamke akasema. "Nilicheka nawe."

Mama Lori alisimama akalipokea, kama mtu anayesimama mvuani kwa kuwa hana pa kukimbilia. Mzee ndiye aliyesema kwamba lori litauzwa, na kitakachopatikana kitakuja hapa kitandani. Yule mwanamke akasema mauzo hayaoteshi mguu. Akasema watayachukua. Akawaomba watoke.

Kutoka hapo walipita kituo cha polisi. Mzee aliandikisha maelezo yake mbele ya askari aliyekuwa anauliza huku ameinamia karatasi, na kila mara Mama Lori akamwomba ainue uso. "Mzee hakuoni mdomo, afande." Askari alikasirika kidogo, kisha akaelewa, akauliza huku ameinua uso. Leseni ilibaki pale mezani. Waliambiwa warudi watakapoitwa. Kuhusu Kivuli, walimwulizia sokoni njiani, ambako mama alizungumza na mnunuzi wa lori, wakaambiwa amepata kazi kwenye lori la kokoto, mbali, na hajaacha salamu.

Wakashika njia ya nyumbani kwa miguu, mzee mbele kidogo, mama nyuma yake, kama walivyozoea kutembea tangu ujana wao. Mama Lori alikuwa na neno, na kwa mazoea ya siku zote lilimjia akiangalia mgongo ule. Akakaribia kulisema. Akajizuia. Kuongea na mtu huyu hakuwezekani tena huku mnatembea.

Akakaza mwendo, akampita, akageuka, akamsimamia mbele katikati ya njia. Mwenye baiskeli akawapigia kengele, akawazunguka akisonya. Mzee wa watu alisimama, macho kwenye midomo ya mkewe, anangoja kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Mnunuzi anakuja kesho kuliangalia lori," mama akasema.

"Hilo umeshaniambia."

"Na magurudumu mawili ya nyuma ayaone yalivyo, tusimfiche."

"Sawa." Hakuondoa macho. "Lakini hilo silo, Mama. Sema."

Vumbi la baiskeli lilikuwa bado halijatulia. Mama Lori akaishika mikono ya mumewe yote miwili, akavuta pumzi, akakunjua kila neno polepole ili lionekane.

"Nilitaka uniambie mimi. Kabla ya Kivuli, kabla ya Nyapara, kabla ya wote. Ningelia, ningegomba, ningekulaumu siku nzima. Halafu ningekuja nikakaa mbele yako, nikakuonyesha mdomo wangu, nikaongea na wewe kama hivi."